FAINI YA MASIKINI NI KIFUNGO

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu hapa Kathiani. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile, nao wayasome na kuyafikiri. Kura itapigwa katika mkutano ujao.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wetu na mama zetu,

Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo lililoleta kelele nyingi katika mkutano uliopita. Jambo lenyewe ni hili: magereza yamejaa kupita kiasi. Je, yafaa wafungwa ambao hawakumpiga mtu wala kumtisha mtu kwa silaha waachiliwe, warudi kwao?

Mnakumbuka jinsi tulivyogawanyika. Wengine walisema, "Mwizi ni mwizi, akae ndani." Wengine wakasema, "Waachiliwe wote, maana hata wale wakubwa hawafungwi." Kisha tukaanza kupiga meza, na saa ya kwenda nyumbani ikafika bila neno kukatwa. Katibu akatuagiza tulifikiri jambo hili kwa utaratibu, tuje tuliseme pole pole.

Sisi si mawakili. Tulisoma mpaka darasa la nane katika shule ya misheni, na kazi yetu ni kushika nyundo na kukaza vyuma vya njia. Lakini sheria za nchi hazikuandikwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Tumezisoma, na pale tulipokwama tumewauliza wanaojua. Basi mtuvumilie.

Tuanze na mtu tunayemjua sote. Yumo humu ndani, na ametupa ruhusa tuseme habari zake, ila jina lake tusilitaje. Ni kibarua wa njia kama sisi. Mwezi mmoja malipo yalichelewa, na yeye alikuwa anadaiwa na mtu sokoni. Yule mtu alimdai mbele ya watu na kumtukana. Mwenzetu akashikwa na hasira, akaipindua meza ya biashara ya yule mtu. Nyanya zikamwagika. Hakuna aliyeumia. Askari walikuja wakamchukua, akashitakiwa kwa kuvuruga amani. Mbele ya hakimu hakusema uongo. Alisema, "Ni kweli, nilifanya, naomba msamaha." Akahukumiwa kulipa faini ya Sh. 10,000/=, au kama hana, kifungo cha miezi mitatu.

Mfukoni alikuwa na Sh. 1,400/=. Akaenda jela.

Ndugu, hatusemi kwamba hakukosa. Alikosa, na yeye mwenyewe anasema alikosa. Nyanya za watu zilikuwa na thamani. Lakini hebu tupige hesabu pamoja, kama tunavyopiga hesabu ya saa za ziada.

Sheria ya magereza humsamehe mfungwa mwenye mwenendo mwema theluthi moja ya kifungo chake, ikiwa kifungo kinazidi mwezi mmoja. Kwa hivyo mwenzetu alikaa miezi miwili. Kibarua chake kilikuwa Sh. 600/= kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani Sh. 15,600/=. Kwa miezi miwili ni Sh. 31,200/=. Hizo hakuzipata. Serikali nayo haikupata ile faini ya Sh. 10,000/=, bali ilimlisha, ikamvika, ikamlipa askari wa kumlinda. Mwenye nyanya hakulipwa hata senti moja. Mke wa mwenzetu aliuza mbuzi wawili ili watoto wasirudishwe kutoka shule. Na alipotoka, alikuta nafasi yake katika gengi imeshachukuliwa na mwingine.

Basi nani alifaidika? Tumeitafuta faida hiyo kila mahali, hatukuiona.

Sasa tusikilizane, maana neno linalofuata linatuhusu sisi. Sheria yasema kwamba mtu aliyefungwa kwa kukosa faini, siku ambayo faini hiyo italipwa, siku hiyo hiyo kifungo chake kimekwisha. Hakuna haja ya kumwendea mkubwa yeyote. Kila asubuhi kwa muda wa miezi miwili, mlango ule ungeweza kufunguka kwa Sh. 10,000/=. Tawi letu lina wanachama 31. Mtoe yeye, wamebaki 30. Gawanya: ni kama Sh. 334/= kwa kila mtu. Na katika mwezi ule ule, ndugu, sisi tulichanga Sh. 500/= kila mmoja kwa karamu ya kumuaga mnyapara wetu aliyestaafu. Tulikodi viti na hema. Tulikunywa soda. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kusema, "Na yule aliyeko Machakos, je?"

Tulijitetea kwa kanuni. Tulisema mfuko wetu ni wa matanga na ugonjwa tu. Ni kweli kanuni yasema hivyo. Lakini kanuni tuliiandika sisi wenyewe.

Tumeyasema haya mwanzo kwa sababu watu wakisikia neno "wafungwa", mawazo yao huenda kwa majambazi wa bunduki. Wako, na hatuombi watoke. Lakini wengi walioko ndani si hao. Wakati Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki lilipochunguza mwendo wa kesi za jinai nchini, na taarifa yake kutolewa Januari 2017, lilikuta kwamba sehemu kubwa ya watu wanaokamatwa hukamatwa kwa makosa madogo: ulevi, kuuza vitu bila leseni, kuvuruga amani, na mengine ya namna hiyo. Na uzito wa mambo hayo huwaangukia masikini. Mwenye pesa hulewa nyumbani kwake kwenye kiti cha sofa, wala askari hapiti pale. Mwenye duka ana leseni ukutani. Anayekamatwa ni mama wa kikapu.

Magereza yetu mengi yalijengwa zamani za ukoloni, watu wakiwa wachache. Nafasi zake zote nchini hazikufika 30,000 katika hesabu zilizokuwa zikitolewa miaka ya 2010, lakini waliolala humo walizidi 50,000. Sisi tunaofanya kazi ya reli twajua maana yake. Behewa lina kipimo chake. Ukilipakia mara mbili, usimlaumu dereva likiacha njia. Watu wakilala wamebanana, mmoja akiwa na kifua kikuu, wote wamevuta pumzi yake. Askari mmoja akilinda watu wengi kupita kiasi, hawezi kuwafundisha kazi ya mikono wala kuwatenga wabaya na wema. Kijana aliyeingia kwa kuiba mahindi hutoka amefundishwa kuvunja nyumba. Hata askari wa jela ni mfanyakazi kama sisi, naye analala katika nyumba mbovu na kufanya kazi saa nyingi.

Tena wako mahabusu, yaani wale ambao kesi zao hazijakwisha. Hao ni sehemu kubwa ya wote walioko ndani. Hawajahukumiwa. Huenda hawakufanya lolote. Wengine walipewa dhamana, lakini dhamana yenyewe ni pesa ambazo hawajapata kuziona tangu kuzaliwa.

Ndugu zetu, mambo haya si mageni kwa mfanyakazi wa nchi hii. Wazee wetu walifungwa kwa nini? Walifungwa kwa kukosa kodi ya nyumba. Walifungwa kwa kutokuwa na kipande shingoni. Walifungwa kwa kuacha kazi ya mzungu kabla ya mkataba kwisha, maana sheria ya mabwana na watumishi ililifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai. Wafungwa wa namna hiyo walikuwa wengi hata serikali ya kikoloni ikaona aibu kuwachanganya na wahalifu wakubwa, na mwaka 1925 ikatunga sheria ya kuwaweka katika kambi za kizuizi. Hapa kwetu Ukambani, mwaka 1938, watu walikwenda Nairobi kulalamika juu ya ng'ombe wao waliokuwa wakinyang'anywa na kuuzwa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Mwaka 1947, baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa, Chege Kibachia alikamatwa akapelekwa Kabarnet. Makhan Singh, aliyeanzisha vyama vya wafanyakazi, alizuiliwa tangu 1950 mpaka 1961. Chama cha wafanyakazi kinachosema kwamba jela ni mambo ya watu wengine kimesahau mahali kilipozaliwa.

Sasa tuje kwenye swali. Kuachilia wafungwa wa makosa madogo kumefanywa mara nyingi. Siku ya Mashujaa ya mwaka 2016 iliadhimishwa hapa kwetu Machakos, na siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuachiliwa kwa wafungwa wa makosa madogo, maelfu yao. Kule Tanzania, tarehe 9 Desemba 2019, siku ya Uhuru wao, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi wa Aprili 2020, Jaji Mkuu David Maraga alieleza kwamba wafungwa wapatao 4,800 wameachiliwa nchini Kenya baada ya mahakama kupitia kesi zao, ili ugonjwa usiwamalize ndani. Wengi walikuwa wa makosa madogo au waliobakiwa na muda mfupi.

Je, nchi iliharibika? Haikuharibika. Lakini magereza nayo hayakukaa bila kujaa tena, na hapo ndipo penye neno letu la leo. Angalieni mwaka ule ule wa 2020. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi. Kutovaa barakoa kukawa kosa la faini isiyozidi Sh. 20,000/=, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa mlango wa nyuma tuliwatoa watu kwa sababu ndani mmejaa, na kwa mlango wa mbele tukawakamata wengine kwa sababu wamechelewa kufika nyumbani. Huko ni kuchota maji ndani ya mtumbwi na tundu liko wazi. Mwenye kuchota hafanyi vibaya. Lakini atachota mpaka lini?

Kwa hivyo sisi twasema: ndiyo, waachiliwe, lakini mlango wa kuingilia nao utazamwe. Na kabla hamjatupigia makofi au kelele, tujibu maneno mliyoyasema, kwa maana yalikuwa maneno ya haki.

Neno la kwanza lilitoka kwa mwenzetu wa gengi la Konza. Alisema, "Mtu anayeng'oa vyuma vya reli usiku hampigi mtu. Hana bunduki. Je, naye ni mfungwa wa amani?" Ndugu, swali hilo lilitunyamazisha. Sisi ndio tunaokuta mataruma hayana vishikizo asubuhi, na abiria wako njiani. Mwezi wa Januari 2022 Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda, kwa sababu minara ya umeme ilikuwa ikiangushwa kwa ajili ya vyuma vyake. Mtu wa namna hiyo hakushika panga, lakini angeweza kuua watu mia kwa usiku mmoja. Vile vile yule mkubwa anayekula pesa za hospitali. Hajampiga mtu kofi, lakini mama amekufa akijifungua kwa kukosa dawa. Kwa hivyo kipimo cha kusema "hakupiga mtu" hakitoshi peke yake. Kipimo chetu kiwe hiki: akirudi nyumbani leo, je, kuna mtu atakayekuwa hatarini? Je, alichokosa kinaweza kulipwa? Na je, yuko ndani kwa ubaya wa kosa lake au kwa wepesi wa mfuko wake? Mwenzetu wa nyanya apimwe kwa kipimo hicho. Mng'oa reli apimwe. Mla pesa za umma apimwe. Mtaona kipimo hakimwonei mtu wala hakimpendelei mtu.

Neno la pili lilitoka kwa mama mmoja wa Mitaboni ambaye mahindi yake yaliibwa shambani. Alisema, "Nyinyi mnamhurumia mwizi. Mimi nani ananihurumia?" Mama, tumelisikia. Lakini mwizi akikaa ndani mwaka mzima, wewe unapata nini? Mahindi yake yanaota na magugu, na yako hayarudi. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 159, yawaambia mahakimu watilie nguvu upatanisho na njia za wazee, mradi haki za watu zisivunjwe. Wakamba wanajua sana kazi hiyo. Mkosaji aite wazee, akubali kosa, alipe. Akikataa kulipa, korti iko. Mfungwa asiachiliwe kimya kimya kama ng'ombe aliyekata kamba. Mwenye kudhulumiwa aulizwe, asikilizwe, na ajue ni siku gani huyo mtu atarudi kijijini.

Neno la tatu lilikuwa juu ya mishahara, nalo latuhusu sana kama chama. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998 yampa hakimu uwezo wa kumwambia mtu wa kosa linalostahili kifungo kisichozidi miaka mitatu, "Usiende jela. Fanya kazi ya umma bila malipo, ukilala kwako." Aweza kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, kupanda miti kwenye milima ya Iveti, kufagia soko, kurekebisha barabara. Sisi tumeipenda sheria hii. Angalau mwenzetu angefanya kazi saa chache, na saa nyingine angetafuta kibarua chake. Watu wa hapa wanajua mwethya. Hatusemi adhabu hiyo ni mwethya, kwa maana mwethya ni wa hiari na hii ni amri ya korti. Lakini macho ya majirani ni yale yale, na mtu akifanya kazi mbele ya majirani zake huona aibu yenye kufaa. Jela humficha mtu na aibu yake pia.

Lakini wenzetu wawili waliuliza, "Mkandarasi akipewa watu wa bure kutoka kortini, sisi vibarua tutakula wapi?" Swali zuri. Basi chama kiseme wazi: kazi ya mkosaji iwe ya umma na yenye faida kwa umma, wala isiwe ya kujaza nafasi ambayo kwa kawaida mtu hulipwa mshahara. Tukiona mtu binafsi anatajirika kwa jasho la wafungwa, tusinyamaze. Hiyo itakuwa kurudia zamani, wakati mashamba ya watu fulani yalipolimwa na wafungwa.

Sasa tunataka kila mwanachama ayajue mambo manne, ayashike kichwani kama anavyoshika namba yake ya kazi. Wengi huingia jela kwa kutojua.

La kwanza. Katiba, kifungu cha 49, yasema mtu aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Tena yasema mtu asiwekwe mahabusu kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Ukiwa na kosa la namna hiyo, simama useme hivyo kwa adabu.

La pili. Kabla hakimu hajakata adhabu, mwambie kazi yako, kipato chako, na watu unaowalisha. Usione haya. Hakimu hawezi kuuona mfuko wako kutoka kwenye kiti chake. Omba huduma kwa jamii. Omba muda wa kulipa.

La tatu. Kifungo cha kukosa faini kina kiwango chake katika sheria ya makosa ya jinai, na hakimu hapaswi kukipita. Faini isiyozidi Sh. 500/=, siku 14. Ikizidi hapo mpaka Sh. 2,500/=, mwezi mmoja. Mpaka Sh. 15,000/=, miezi mitatu. Mpaka Sh. 50,000/=, miezi sita. Zaidi ya hapo, miezi 12. Likateni fungu hili la karatasi, mlibandike ukutani.

La nne. Kama tulivyosema, faini ikilipwa mtu hutoka. Usikae kimya. Tuma habari kwa katibu wa tawi siku ile ile.

Nchi nyingine za Afrika nazo zimelitazama jambo hili. Mwezi wa Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo kiti chake ni Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kumkamata mtu kwa sababu tu hana makao wala kazi haziendi sawa na Mkataba wa Afrika. Kenya ilikwisha kuifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997. Lakini karatasi ikifutwa, desturi hubaki. Bado kijana anayesimama kando ya barabara akisubiri kibarua huulizwa, "Wewe unafanya nini hapa?" Anafanya lile ambalo sisi sote tulifanya kabla hatujaandikwa. Anatafuta kazi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa twaleta maombi manne mbele ya tawi.

1. Tawi liandike kwa makao makuu ya chama kwamba sisi wa Kathiani twaunga mkono kuachiliwa kwa wafungwa wa makosa madogo walioko ndani kwa kukosa faini, na wazee, wagonjwa, na akina mama walio na watoto wachanga huko ndani, ikiwa kosa lao halikumdhuru mtu. Kila mmoja atazamwe peke yake, na aliyekosewa asikilizwe.

2. Kanuni ya mfuko wetu ibadilishwe. Mwanachama aliyetozwa faini kwa kosa dogo akopeshwe mpaka Sh. 10,000/=, alipe kidogo kidogo kila mwezi. Asikopeshwe mtu aliyemjeruhi mwenzake wala aliyeiba vyuma vya njia.

3. Wachaguliwe watu wawili watakaokwenda kortini kila mara mwanachama anaposhitakiwa, wamjulishe hakimu kwamba mtu huyu anajulikana, ana kazi, ana kwao, na wasimame kama wadhamini ikiwezekana.

4. Mwenzetu arudishwe katika daftari ya chama tangu siku aliyotoka, na ile michango ya miezi miwili aliyoikosa afutiwe. Tena ujumbe wa tawi uende kuulizia nafasi yake ya kazi. Alikwisha kuadhibiwa na korti. Sisi tusimhukumu mara ya pili.

Juu ya ombi hili la nne tunajua wengine mmekunja uso. Mnasema, "Mtu aliyetoka jela atatuharibia jina." Tuwaulize: jina letu liliharibika siku aliyopindua meza, au siku tulipokunywa soda naye yuko ndani? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alipotoka alikuja hapa mkutanoni, akaketi kile kiti cha nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Hata sisi tunaosema sasa hatukusogea. Tunaliungama hilo mbele yenu.

Wale waliosema magereza yapunguzwe watu walifikiri kazi hiyo ni ya Rais, na majaji, na Bunge. Ni yao, ndiyo, nao waifanye. Lakini sehemu yake ndogo iko mikononi mwetu, na thamani yake tumeshaipiga hesabu: Sh. 334/= kwa mtu. Mwanachama akituambia hana hizo, tutamwamini. Lakini asituambie kwamba jambo hili halimhusu, maana malipo huchelewa kwetu sote, na hasira hazina mwenyewe.

Fikirini, mkaulizane huko magengini, mrudi mkutano ujao tupige kura kwa mikono.

UMOJA NI NGUVU.